Somo la Radio kwa Watu Wazima: Oili na Machujio ya Lori Lenye Nguvu

Somo letu la leo ni juu ya oili ya injini na machujio yake. Tutazungumza hasa juu ya malori yenye nguvu nyingi, yale yenye tabo, yaani feni ndogo izungushwayo na moshi wa injini ili kuisukumia injini hewa zaidi. Jambo hili linatuhusu, maana katika Arusha na vijiji vinavyouzunguka mlima Meru ziko familia nyingi zinazoishi kwa lori moja tu. Injini ya lori hilo ikifa, ada ya shule haipatikani, mkopo haulipiki, na pengine lori lenyewe huuzwa kwa bei ya chuma chakavu. Tena injini nyingi hufa kabla ya uzee wake: kwa vumbi, au kwa oili isiyo yake, au kwa chujio lililonunuliwa kwa sababu tu lilikuwa rahisi.

Tuchukue safari moja ili tufahamiane. Lori limepakia vitunguu Mang'ola, karibu na ziwa Eyasi. Linapanda kwenda Karatu katika vumbi jingi, kisha linashuka ukingo wa Bonde la Ufa mpaka Mto wa Mbu, linapita Makuyuni na Kisongo, linaingia Arusha. Pengine halikomi hapo, bali linaendelea kwa njia ya Ngaramtoni na Longido mpaka Namanga, na huko linangoja zamu yake mpakani huku injini inanguruma. Siku ya kurudi linaupanda tena ule ukingo likiwa na saruji au mabati. Basi katika safari moja injini hiyo imepata vumbi, mlima, joto, na kunguruma bila kwenda. Watengenezaji wa magari huiita kazi ya namna hiyo kazi ngumu, na katika vitabu vyao kazi ngumu ina ukurasa wake, na hesabu zake si zile za gari linalokwenda katika barabara njema ya lami.

Yako na mambo ya mwinuko. Mji wa Arusha uko kiasi cha mita 1,400 juu ya bahari, na barabara ya ukingoni mwa Ngorongoro hufika mita 2,300 hivi. Kadiri unavyopanda, hewa huwa nyepesi. Injini isiyo na tabo hupungukiwa na nguvu, nawe unausikia udhaifu wake mguuni. Injini yenye tabo hujitahidi, maana tabo huzunguka kwa kasi zaidi ili kufidia ile hewa iliyopungua. Mhimili wa tabo waweza kuzunguka mara 100,000 na zaidi kwa dakika moja, na kinachouzuia usisagike ni utando mwembamba wa oili tu, oili ile ile iliyo chini ya injini. Oili hiyo ndiyo inayoupoza mhimili, hali upande wake mmoja unapigwa na moshi wenye joto la mamia ya digrii. Sasa unaona kwa nini oili iliyofaa katika lori la babu yako haifai katika lori hili.

Tuitazame sasa ile namba iliyoandikwa juu ya dumu, kwa mfano SAE 15W-40. Herufi SAE ni za chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, na namba zenyewe hazisemi juu ya ubora hata kidogo. Zinasema juu ya uzito tu, yaani jinsi oili inavyotiririka. Fikiri juu ya mtori. Ukiwa moto hutiririka vizuri katika bakuli, lakini ukiuacha mpaka asubuhi utasimama kama udongo. Oili nayo ni hivyo hivyo: ikipoa huwa nzito, ikipata moto huwa nyepesi. Namba ya kwanza, ile yenye herufi W, yaonyesha tabia yake katika baridi. Oili ya 15W hupimwa katika baridi ya digrii 20 chini ya sifuri. Namba ya pili yaonyesha uzito wake katika joto la digrii 100. Kwa kipimo kiitwacho sentistoki, oili ya 40 lazima iwe kati ya 12.5 na 16.3, na oili ya 50 iwe kati ya 16.3 na 21.9.

Kwetu hapa, hata asubuhi ya Julai, mjini Arusha haigandi barafu. Kwa hiyo 15W-40 huwaka bila shida, na ndiyo inayotajwa katika vitabu vya malori mengi ya dizeli yaliyo barabarani kwetu. Watu wengine hupenda oili nzito zaidi, 20W-50 au ile ya namba moja tu, SAE 50, wakisema ati oili nzito ina nguvu. Neno hili si kweli kwa injini hizi. Oili nzito huchelewa kufika juu kwenye tabo wakati injini inapowashwa, na dakika ile ya kwanza ya asubuhi ndiyo yenye hatari. Ikiwa injini yako imechakaa na presha ya oili imeshuka, oili nzito itaipandisha sindano ya kipimo na moyo wako utatulia, lakini beringi zilizolika zitabaki zimelika. Na malori mapya zaidi huandikiwa 10W-40 au hata 5W-30. Usiogope wepesi wake. Mwenye kuichora injini hiyo alizipima nafasi zake kwa ajili ya oili hiyo.

Ubora husomwa mahali pengine. Tafuta juu ya dumu maneno API, yaani taasisi ya petroli ya Marekani, na herufi zinazofuata. Herufi ya kwanza ikiwa S, oili ni ya injini za petroli. Ikiwa C, ni ya dizeli. Herufi ya pili hutaja daraja, na kadiri inavyosogea mbele katika alfabeti ndivyo daraja lilivyo jipya. Oili ya CD ni ya daraja la mwaka 1955, nayo ingali inauzwa kwa bei nafuu. CF-4 ni ya 1990, CH-4 ya 1998, CI-4 ya 2002, CJ-4 ya 2006, na CK-4 ilianza Desemba 2016. Tofauti yake ni dawa zilizotiwa ndani. Ziko dawa zinazoshika masizi yasikusanyike na kuwa matope, ziko zinazoua asidi itokayo katika moto wa dizeli, na ziko zinazouwekea chuma ngozi ili kisikwaruzane na chuma mwenzake. Lori lenye tabo lililotengenezwa kutaka CI-4, ukilitilia CD, litakwenda. Litakwenda miezi kadhaa pia, na ndiyo sababu watu hudanganyika. Masizi hukusanyika polepole, ringi hunata katika pistoni, lori huanza kula oili, kisha moshi.

Malori yaliyotumika yatokayo Japani, kama vile Fuso, Isuzu na Hino, mara nyingi kitabu chake hutaja JASO DH-1 au DH-2. Hayo ni madaraja ya Kijapani. DH-2 ni oili yenye majivu machache, kwa ajili ya malori yenye chujio la masizi katika bomba la moshi. Ikiwa lori lako lina chujio hilo, oili yenye majivu mengi italiziba, na bei ya chujio hilo itakushangaza. Malori ya Ulaya nayo hutaja barua za kiwanda chenyewe. Scania kwa mfano huandika LDF na namba yake. Barua hizo za kiwanda zina nguvu kuliko herufi za API. Angalia pia jambo hili moja: iko oili iitwayo FA-4, iliyotoka pamoja na CK-4. Hiyo ni nyepesi kwa makusudi, kwa injini chache mpya zilizotengenezwa kwa ajili yake. Usiitie katika lori jingine kwa kuwa tu dumu lake ni zuri.

Nimesema dumu zuri, basi tuseme kidogo juu ya wezi. Dumu tupu lenye jina kubwa lina thamani, maana yuko anayelinunua ili alijaze oili iliyochujwachujwa. Ukinunua, tazama kifuniko na ule utepe wake kama havikufunguliwa, tazama namba ya toleo iliyopigwa na mashine, na uitake risiti. Alama ya Shirika la Viwango Tanzania ni njema, lakini mwizi naye anajua kuchapa. Bei ikiwa chini sana kuliko ya wakala, jiulize faida ya muuzaji inatoka wapi. Na madumu yako mwenyewe yakiisha, yatoboe kabla ya kuyatupa. Kazi hiyo ni ya nusu dakika, nayo humwokoa dereva mwingine usiyemjua.

Sasa machujio. Watu wengi hulifikiri kwanza chujio la oili, lakini mimi katika nchi yetu hii ya vumbi ningeanza na chujio la hewa. Udongo wa upande wa Meru, Kisongo na Monduli una majivu ya volkano ndani yake. Mlima Meru wenyewe ulitoa majivu mara ya mwisho mwaka 1910, na Oldonyo Lengai umeendelea kutapika katika karne hii. Chembe za majivu hayo ni ngumu na zina ncha kali, kama unga wa chupa iliyosagwa. Injini ya lori kubwa huvuta hewa nyingi mno, maelfu ya lita kwa dakika ikiwa mlimani. Vumbi likipita, huzipiga kwanza bapa za tabo, kisha huingia kati ya ringi na silinda, kisha hushuka katika oili na kwenda kuzila beringi. Hapo hata oili ya bei kubwa kabisa itakuwa matope ya kunolea visu.

Nunua chujio la hewa la karatasi lenye namba ile ile iliyo katika kitabu. Likunje kidogo kwa mkono uone kama gundi yake imeshika, uhesabu mikunjo ukilinganisha na la zamani, na utazame mpira wa ukingo wake. Na sasa nitasema neno ambalo utingo wengi hawatalipenda: acha kulisafisha kila siku. Chujio la karatasi lenye vumbi kidogo huchuja vizuri zaidi kuliko lililo jipya, kwa sababu vumbi lililokwisha kukaa juu ya karatasi huzuia vumbi dogo lisipite. Kulipiga juu ya tairi huvunja gundi, na kulipuliza kwa upepo wa kompresa ya gereji kwa nguvu zote hutoboa karatasi kwa matundu usiyoyaona. Watengenezaji wengi hukataza kabisa kulipuliza. Malori mengi yana kijipimo kidogo karibu na chujio, ambacho huwa chekundu linapoziba, kifuate hicho. Ukilazimika kulipuliza porini, puliza polepole kutoka ndani kwenda nje, kisha tia kurunzi ndani mahali penye giza. Ukiona nuru imetokeza kwa tundu, lichukue ukalitupe.

Kisha tazama lile bomba la mpira litokalo kwenye chujio kwenda kwenye tabo. Lifungue, upitishe kitambaa cheupe ndani. Kikitoka na vumbi, basi kuna mlango ulio wazi, labda klipu imelegea au mpira umepasuka upande wa chini usioonekana. Chujio jipya halitakusaidia kitu mpaka umepaziba. Wenye Land Rover za zamani wanalikumbuka kopo la hewa lenye oili chini yake, lililosafishwa kwa dizeli na kutumika tena miaka na miaka. Kifaa kile kilikuwa rahisi na chema kwa wakati wake, lakini kilipitisha vumbi dogo kuliko karatasi, na injini ya leo haivumilii.

Chujio la oili lina siri moja ambayo haionekani kwa nje. Ndani yake, au katika kiti chake, mna vali yenye springi. Karatasi ikiziba, au oili ikiwa nzito kwa baridi, vali hufunguka na kuipitisha oili bila kuchujwa, kwa kuwa oili chafu ni heri kuliko kukosa oili kabisa. Iko na vali nyingine ya mpira inayozuia oili isirudi chini injini inapozimwa, ili asubuhi tabo isikae kavu. Basi machujio mawili yaweza kuwa na skuruu sawa na kimo sawa, yakafungika vizuri katika injini moja, na moja likawa na springi dhaifu inayofunguka wakati wote. Lori litakwenda nalo, na hakuna kitakacholia. Kwa sababu hiyo muulize muuzaji namba ya chujio, wala usimwonyeshe la zamani ukasema, "Nipe lifananalo na hili." Usiyaonee haya madukani, andika namba hiyo katika kitabu chako na uitaje mwenyewe.

Malori mengi ya Scania yana pia chombo kinachozunguka kwa nguvu ya oili yenyewe na kuutupa uchafu ukutani mwake. Kifungue kila wakati wa kubadilisha oili. Ukikuta matope meusi mazito yameganda ukutani, furahi, maana kinafanya kazi. Ukikuta ni kitupu na safi, huzunika, maana hakizunguki.

Chujio la zamani lina habari nyingi. Likate kwa mkasi wa bati, ulinyoshe karatasi lake juani, upitishe sumaku. Chembe zinazoshika sumaku ni za chuma, kutoka kwenye gia au ringi au silinda. Zinazong'aa wala hazishiki zaweza kuwa za pistoni au za beringi. Chembe mbili tatu si neno. Zikiwa nyingi kama chumvi iliyonyunyizwa, usipakie tena vitunguu. Mwite fundi sasa, wakati kazi bado ni ya kubadilisha beringi peke yake.

Juu ya chujio la dizeli nitasema kwa ufupi. Nozeli za siku hizi husukumiwa dizeli kwa presha ya zaidi ya mara elfu moja ya hewa tunayovuta, na nafasi zake ni za mikroni chache, mikroni ikiwa ni sehemu ya elfu moja ya milimita. Unywele wa mtu ni kama mikroni 70. Asubuhi za baridi za Arusha hutia jasho ndani ya tangi lisilojaa, basi fungua ule msumari wa chini ya chujio utoe maji kabla ya safari. Usilijaze chujio jipya kwa dizeli ya kopo. Tumia pampu ya mkono.

Lini kubadilisha? Fungua kitabu, usome ule mstari wa kazi ngumu. Tuseme kitabu kinataja kilometa 20,000 kwa kazi ya kawaida na 10,000 kwa kazi ngumu. Lori letu la Mang'ola ni la 10,000. Na ile foleni ya mpakani ihesabu pia. Mafundi wengi huhesabu saa moja ya kunguruma kuwa kama kilometa 40 za kwenda, ingawa mita ya gari haikusogea. Weusi wa oili usikutishe, maana oili ya dizeli huwa nyeusi baada ya siku chache, nayo ni dalili ya kuwa inayabeba masizi. Tisha lako liwe kiwango kinachopanda kwenye kijiti cha kupimia. Oili haizai, ikiongezeka, dizeli au maji yameingia. Rangi ikiwa kama chai ya maziwa, ni maji.

Kipo kipimo cha bei ya bure. Chukua karatasi ya kukaushia wino, au karatasi nyeupe inayonyonya, udondoshe tone moja la oili ya moto kutoka kwenye kijiti, uliache kwa saa kadhaa mahali pasipo vumbi. Doa likienea kwa upole kutoka jeusi kwenda kijivu, dawa za oili zingali zina nguvu. Likiwa jeusi tii katikati, lenye ukingo mkali, na pembeni hamna kijivu, oili imechoka kubeba masizi. Andika tarehe na kilometa chini ya doa, uyatunze madoa hayo katika kitabu. Baada ya mara tano au sita utaijua injini yako kuliko fundi asiyeiona ila ikiharibika.

Na baada ya kupanda mlima, ukisimama, iache injini ingurume dakika tatu kabla ya kuizima. Tabo ikizimwa ingali nyekundu kwa moto, oili iliyomo huungua na kuwa kaa gumu, na kaa hilo huziba tundu la oili ya kesho.

Oili iliyotolewa imebeba asidi, masizi na chembe za madini, nayo huidhuru ngozi ikizoea kukaa mikononi. Nawa kwa sabuni, usinawe kwa petroli. Usiimwage katika mfereji. Kwenye miteremko ya Meru maji ya mfereji mmoja hupita migomba ya watu wengi, na mto Themi unapita katikati ya mji. Iweke katika dumu lenye kifuniko, umwuzie mwenye kukusanya oili chafu. Wengine huipaka nguzo kwa ajili ya mchwa; ukifanya hivyo, usipake mbao za zizi ambazo mbuzi huzilamba.

Maswali ya kujadiliwa katika vikundi: Je, lori lililo karibu nanyi linatiwa oili ya daraja gani, na kitabu chake kinataka ipi? Tazameni bomba lake la hewa kwa kitambaa cheupe: kimetoka na nini? Na madumu matupu ya oili kijijini kwenu huenda wapi?